Nani Alimwambia Kabati Akimbie?

VERNA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, nina sufuria motoni.

OPAL: Mimi.

VERNA: Mimi yupi? Dunia imejaa kina mimi.

OPAL: Khaa! Dada yako wa tumbo moja. Nani mwingine Tibbett nzima ana sauti kama hii?

VERNA: Aa, Opal. Sauti yako leo inakwaruza. Uko ndani ya debe?

OPAL: Niko ndani ya gari, nje ya ukumbi wa wazima moto. Mtandao wa hapa unajua kukohoa tu. Umeshindaje, mdogo wangu?

VERNA: Nimeshinda salama. Na wewe?

OPAL: Nimeshinda na hasira tangu Ijumaa. Unapika nini?

VERNA: Maharage na nyama ya kusaga. Maribeth anakuja na mtoto.

OPAL: Na yeye?

VERNA: Yeye nani?

OPAL: Huyo bwana mwenye kofia.

VERNA: Mkwe wangu ana jina, dada.

OPAL: Analo, ila likifika mdomoni mwangu linageuka kuwa tusi. Haya, Lowell. Anakuja?

VERNA: Haji. Amejifungia kwenye banda la gari na magongo ya timu ya besiboli. Anayapanga, anayapangua. Maribeth anasema tangu Ijumaa hajala kitu cha kushika kwa uma.

OPAL: Angepanga wachezaji kama anavyopanga magongo, leo tungekuwa mabingwa. Verna, kitendawili!

VERNA: Jamani, na sufuria hii—

OPAL: Kitendawili!

VERNA: Tega. Lakini kiwe kifupi.

OPAL: Ana kichwa, lakini ni cha kutundikia kofia tu.

VERNA: Mkwe wangu.

OPAL: (anacheka) Mh! Umekitegua kabla sijapumua!

VERNA: Hicho hata kuku angekitegua. Mwanamume mzima, misimu mitatu ni kocha wa Manyigu, hajui mrushaji akichoka anafananaje. Ruiz alikuwa anarusha mpira huku mkono unaning'inia kama kamba ya nguo, na mheshimiwa amesimama anatafuna mbegu za alizeti.

OPAL: Sema tena!

VERNA: Anatafuna, anatema. Anatafuna, anatema. Ningekuwa karibu ningemtemea mimi.

OPAL: Sasa hapo ndipo nilipokuwa nakuja. Nimekupigia kwa sababu hiyo. Maana dakika chache zijazo naingia humu ndani, na mwenyekiti Horace Stubbs atauliza kamati: abaki au aende. Watatu wanataka aende. Watatu wanataka abaki.

VERNA: Na wa saba ni wewe.

OPAL: Wa saba ni mimi. Na hoja niliileta mimi.

VERNA: Najua. Ulianza kuitangaza saluni kwa Peggy, nywele zikiwa bado na povu.

OPAL: Kwa hiyo unanikasirikia.

VERNA: Mimi? Nikukasirikie kwa lipi? Timu ni ya mji, kamati ni ya mashabiki, kura ni yako. Piga.

OPAL: Verna.

VERNA: Nasema piga. Mbona unaniuliza kama mtu anayeomba chumvi?

OPAL: Kwa sababu akienda, hawezi kukaa hapa. Peggy anasema ile shule ya— (mkwaruzo) —arillo imeshamwita akawe kocha kwao.

VERNA: Sikusikia.

OPAL: Amarillo!

VERNA: Mtandao mbaya.

OPAL: Amarillo, Texas! Umesikia sana. Ataondoka na Maribeth, ataondoka na mjukuu wako Tess, na wewe utabaki kwenye nyumba hiyo na sufuria ya watu wanne. Ndiyo maana nimepiga. Sitaki tukae mwaka mzima hatusemezani, tunakutana dukani kila mtu anajifanya anasoma mkebe wa supu.

VERNA: Watu wanahama, dada. Magari yapo.

OPAL: Ni safari ya siku mbili.

VERNA: Basi nitabeba mkate. Wewe sema habari ya mpira, hiyo ndiyo kazi yako.

OPAL: Haya, mpira. Tatizo la timu hii ni kocha.

VERNA: Tatizo la timu hii ni wapigaji. Tangu tuko wasichana tumebadilisha makocha kama watu wanavyobadilisha soksi, na mguu ni ule ule, unanuka vile vile.

OPAL: Wapigaji wanafundishwa na nani?

VERNA: Hawafundishiki! Whitlock yule anapiga kila kinachopita. Mpira umepita kichwani, anapiga. Umepita miguuni, anapiga. Nzi akipita, anampiga. Na Pettibone kule nyuma, mpira ukimjia kutoka juu anaufungulia mikono kama mtu aliyerushiwa yai la moto.

OPAL: Nani alimpanga Pettibone nyuma?

VERNA: Nani alimlea Pettibone? Mama yake! Tumfukuze na mama yake basi.

OPAL: Usinichekeshe, nimekuja na hasira nataka niingie nayo ndani. Kocha yule ni mwoga, Verna. Konokono! Mji mzima unamwita Konokono. Msimu mzima hakumtuma mtu hata mmoja aibe kituo, achomoke mbio kabla mwenzake hajapiga. Hata wale vijana wenye mbio, hata mrushaji wa wapinzani akiwa amesinzia. "Tulia hapo kituoni, mwanangu, subiri mwenzako apige." Tunasubiri, tunasubiri, mwenzake anapiga hewa, tunarudi nyumbani.

VERNA: Ni kweli.

OPAL: Halafu Ijumaa! Awamu ya tisa. Ya mwisho kabisa. Korongo wa Lorimer wametupita pointi moja. Wawili wetu wameshatolewa, akitolewa wa tatu mchezo umekwisha, na tuna mmoja tu vituoni, yuko kituo cha kwanza. Na huyo mmoja ni nani?

VERNA: Boone Mackey.

OPAL: Kabati! Nakuapia, yule kijana hakuzaliwa, aliundwa na seremala. Ukimwambia akimbie kituo cha pili lazima umpe na chakula cha njiani. Na mwenye gongo mkononi ni Whitlock, ambaye kwa muujiza wa Mungu usiku ule alikuwa ameshapiga mbili safi. Mtu unafanya nini hapo? Unakaa kimya! Unamwacha Whitlock apige!

VERNA: Unakaa kimya.

OPAL: Yeye akatoa ishara Kabati aibe kituo.

VERNA: Ndiyo.

OPAL: Kabati akatoka mbio. Mbio, naziita mbio. Mdakaji wa Korongo akashika mpira, akamtazama, nadhani akafuta jasho, akamsalimia mkewe, ndipo akautupa. Na bado ulifika ukamsubiri! Yule wa kituo cha pili alisimama nao mkononi kama karani wa benki. Kwisha. Msimu umekwisha na Whitlock hajapunga hata gongo.

VERNA: Upumbavu mtupu. Sijaona upumbavu kama ule. Mbuzi angesimama pale pembeni ya kituo cha tatu angetoa ishara nzuri zaidi. Tena mbuzi asingetema mbegu. Mtu hana akili, hana macho, hana—

OPAL: Verna.

VERNA: —hana haya, anajiita kocha, anajiita baba wa—

OPAL: Verna! Pumua.

VERNA: Napumua. Nakoroga.

OPAL: Unamtukana sana.

VERNA: Si wewe ulitaka kutukana? Nimekusaidia mzigo.

OPAL: Mimi namtukana kama shabiki. Wewe unamtukana kama mtu anayetwanga ili majirani wasisikie mtoto analia.

VERNA: Maharage yananishikia chini.

OPAL: Achana na maharage. Nataka kukuuliza jambo moja. Kabati alikaa kwa kinyozi jana, anakaribia kulia, anasema, "Mimi niliiona ishara. Kofia, halafu sikio." Na sote tunajua ishara za Manyigu. Kocha akishika pua, akishika mkanda, akijipapasa kifua, yote hayo ni uongo wa kuwazuga wapinzani. Mpaka aguse kofia. Kofia ndiyo ufunguo. Kinachofuata kofia ndiyo amri. Na sikio ni kimbia.

VERNA: Basi aliiona. Imekwisha.

OPAL: Na Lowell alipoulizwa redioni akasema, "Niliagiza mimi. Lawama ni yangu." Maneno matano, akaweka simu chini.

VERNA: Basi aliagiza. Imekwisha.

OPAL: Haijaisha! Konokono huyu, msimu mzima hakumtuma mtu mwenye mbio, aje amtume Kabati? Usiku wa mwisho? Na Whitlock ana moto? Mimi nimekaa kwenye viti vile tangu vilikuwa vya mbao, nimeona makocha wapumbavu wa kila namna. Mpumbavu ana utaratibu wake. Mpumbavu mwoga hafanyi upumbavu wa shujaa. Hilo linaninyima usingizi, Verna. Nikiinua mkono leo nataka niinue nikijua.

VERNA: (mkwaruzo) —sikii.

OPAL: Unasikia.

VERNA: Mtandao—

OPAL: Mtandao uko upande wangu, wewe uko kwenye simu ya ukutani! Aliagiza, hakuagiza?

VERNA: Dada, alishasema.

OPAL: Siulizi alivyosema.

VERNA: Na mimi siwezi kusema kingine. Nilimpa mtu neno langu. Kwenye meza hii hii.

OPAL: Ulimpa neno Lowell?

VERNA: Nilimpa mtu.

OPAL: Horace amefika. Anafungua mlango wa ukumbi. Ananipungia.

VERNA: Basi nenda.

OPAL: Siendi.

VERNA: Nenda, dada. Utachelewa, watasema unaogopa.

OPAL: Wacha waseme. Horace! Nakuja! Washa hita kwanza! ...Haya, amerudi ndani. Verna, mimi ni mkubwa wako. Nilikubeba mgongoni ulipovunjika kifundo. Niambie.

VERNA: (kijiko kinagonga sufuria) Kitendawili.

OPAL: Nini?

VERNA: Nimesema kitendawili. Mbona cha kwako nilikijibu?

OPAL: Saa hizi?! Haya, tega.

VERNA: Nilimsalimia mdogo, akaitika mkubwa.

OPAL: Nilimsalimia... Mwangwi?

VERNA: Siyo.

OPAL: Kengele ya kanisa?

VERNA: Siyo, na usibahatishe kama Whitlock.

OPAL: Simu! Unapiga kwa mtoto, anapokea mama.

VERNA: Umekaribia, halafu umetoka nje ya uwanja.

OPAL: Nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Cincinnati.

VERNA: Siutaki.

OPAL: Chukua Chicago, na ziwa lake na maghorofa yake.

VERNA: Siutaki. Wiki hii sitaki kupewa mji wowote, Opal. Ninaoutaka ni huu huu wenye binti yangu na mtoto wake ndani yake. Fikiri.

OPAL: Nilimsalimia mdogo, akaitika mkubwa. Mkubwa... mkubwa kama... Mkubwa kama kabati.

VERNA: Mimi sijasema kitu.

OPAL: Mkubwa ni Kabati. Aliitika salamu isiyo yake. Basi mdogo ni—

VERNA: Nakoroga tu hapa.

OPAL: Verna. Tess alikaa wapi Ijumaa?

VERNA: Anapokaa siku zote. Nyuma ya benchi la Manyigu, upande wa kituo cha tatu. Amevaa kofia ya baba yake ya zamani, ile inayomfunika nyusi.

OPAL: Na baba yake akiwa anatoka kwenda kazini, yule mtoto anakaa dirishani—

VERNA: Anavua kofia. Baba naye anavua. Halafu baba anavuta sikio, maana yake "nakusikia, niko hapa". Tangu ana miaka mitatu. Hilo si siri, hata mwenye kuleta barua anajua.

OPAL: Kofia. Halafu sikio.

VERNA: Wewe ndiye uliyesema, si mimi.

OPAL: Mungu wangu. Lakini katikati ya mchezo? Lowell? Yule akiwa kazini hata nyumba ikiwaka moto hageuki!

VERNA: Hageuki.

OPAL: Sasa kwa nini aligeuka? Verna?

VERNA: Mtoto alikuwa analia, dada. Alikuwa ameziba masikio, machozi yanamtiririka mpaka kwenye karanga zake. Akanyanyuka, akavua kofia, akaishika juu hivi. Baba yake akamwona. Mzazi gani hapo angekumbuka ishara?

OPAL: Alikuwa analilia nini? Nani alimliza?

VERNA: Watu walikuwa wanapiga kelele.

OPAL: Watu wanapiga kelele kila siku, ndio uwanja. Yule mtoto amekulia kwenye kelele.

VERNA: Kelele za watu, ndiyo.

OPAL: Mimi nilikaa wapi?

VERNA: Unajua ulipokaa.

OPAL: Sema.

VERNA: Safu mbili nyuma yake.

OPAL: Hakugeuka kuniangalia.

VERNA: Hakuhitaji kugeuka. Si umesema mwenyewe, Tibbett nzima hakuna sauti nyingine kama hiyo?

OPAL: Nilisema nini? Nilisema kichwa boga.

VERNA: Hilo lilikuwa la awamu ya sita.

OPAL: Na la saba nilisema arudi akauze matrekta.

VERNA: La saba watu walicheka. Hata Tess alicheka.

OPAL: Na la tisa?

VERNA: La tisa sitalirudia. Hapa ni jikoni kwangu, na picha ya mama iko ukutani.

OPAL: (mkwaruzo) Upo?

VERNA: Nipo.

OPAL: Aliuliza? Yule mtoto. Aliuliza kitu?

VERNA: Aliuliza garini. "Bibi, kwa nini Bibi Opal hampendi baba?"

OPAL: Ukamjibu nini?

VERNA: Nikamwambia Bibi Opal anawapenda Manyigu mno, mpaka mapenzi yanamtoka vibaya, kama maziwa yanayofurika. Akasema, "Aa." Unajua ile "aa" ya mtoto ambaye hajaamini.

OPAL: Na Lowell... Kwa nini hakusema? Angesema tu redioni! "Nilimpungia mtoto wangu." Nani angemlaumu? Watu wangemwelewa!

VERNA: Watu gani? Wa hapa? Opal, umesahau Elmer Gant? Aliangusha mpira mmoja, mmoja tu, kabla mimi na wewe hatujaolewa. Akajenga nyumba, akazaa, akawa mzee wa kanisa, akafa. Na mpaka leo mtu akipita makaburini anasema nini?

OPAL: "Hapa amelala aliyeuangusha."

VERNA: Unasema wewe mwenyewe! Kila mwaka, ukipeleka maua kwa mume wako!

OPAL: Nasema kwa utani.

VERNA: Kwa utani. Sasa weka jina la Tess hapo. Ana miaka saba. Kesho ana shule. Azeeke nao huo utani? Mwenyewe hajui. Hajui kama Kabati alikimbia kwa ajili yake. Anajua baba alimpungia, basi. Lowell akatushika mimi na Maribeth mikono juu ya meza hii, akasema, afadhali mimi niitwe mpumbavu, mimi ni mtu mzima, nitaoga itatoka. Nikasema sawa. Nami nikaanza kumwita mpumbavu kwa sauti kuliko wote, mtu asije akashangaa nikimtetea.

OPAL: Mwe. Mwe, Verna.

VERNA: Nimekutegea kitendawili, wewe umekitegua. Sijavunja neno langu.

OPAL: Hujavunja. Umelipindisha kidogo.

VERNA: Na sikukuomba kitu.

OPAL: Najua hukuomba! Hujawahi kuomba kitu tangu uzaliwe, ndiyo maana unanichosha! Ulivunjika kifundo ukasema ni kiatu kimebana!

VERNA: Kilikuwa kimebana.

OPAL: (anapenga kamasi) Horace ananipungia tena. Ana hasira huyo, kichwa kimekuwa chekundu kama nyanya. Sasa niingie niseme nini? Wiki nzima nimeimba afukuzwe. Nikibadilika, watataka sababu. Na sababu siwezi kuitoa.

VERNA: Huwezi.

OPAL: Watasema ni undugu. Watasema Opal Hatcher mdomo mkubwa, mkono mfupi. Peggy atakata nywele zangu kwa dharau.

VERNA: Inua mkono wako basi, dada. Kweli. Nitakuja kukutazama Krismasi, tutasemezana. Nakuapia.

OPAL: Utasemezana na mimi huku unahesabu vigae vya sakafu. Nakujua. Halafu sikiliza, nisieleweke vibaya. Mimi bado nasema ni kocha mbovu.

VERNA: Mbovu.

OPAL: Alimwacha Ruiz mpaka mkono ukamlegea.

VERNA: Mbovu kabisa.

OPAL: Haibi vituo, hapangi wapigaji, na zile mbegu ni uchafu.

VERNA: Nani amekubishia? Mimi ndiye ninayefua suruali zake Maribeth akiwa zamu ya hospitali. Mbegu mpaka kwenye pindo.

OPAL: Basi tuelewane. Nazima gari. Usikate simu, nakutia mfukoni.

VERNA: Unanitia wapi? Opal! Nitasikia mambo ya kamati!

OPAL: Sikia. Ila usikohoe.

(Mlango wa gari. Hatua kwenye changarawe. Kitambaa kinasugua simu. Sauti nyingi, viti vinaburutwa.)

VERNA: (ananong'ona) Jamani, mwanamke huyu.

HORACE: (kwa mbali) Afadhali umefika. Nilidhani umehamia garini.

OPAL: (kwa mbali) Ningehama, kuna hewa nzuri kuliko humu. Nani amechemsha kahawa hii? Imeungua.

HORACE: Tuanze, jamani. Kila mtu ameshasema, redioni na mitaani, sina haja ya kurudia. Wanaotaka Lowell Pickard aondoke, wanyooshe mikono. Mmoja, wawili. Watatu. Opal?

OPAL: Nini?

HORACE: Mkono.

OPAL: Uko mfukoni.

HORACE: Utoe basi.

OPAL: Hautoki. Umeshika kitu.

HORACE: Opal, acha mzaha. Hoja hii umeileta wewe!

OPAL: Niliileta. Nimekaa nayo garini nikaitazama vizuri, nikaona imeoza. Mtu akileta samaki akagundua ananuka, mnamlazimisha amle?

SAUTI YA MWANAMUME: Ni undugu huo! Mkwe wa mdogo wake!

SAUTI YA MWANAMKE: Bibi Konokono!

(vicheko, meza inagongwa)

OPAL: Ndiyo, Bibi Konokono. Andika, Horace, liandike na wino. Nyinyi mnataka kocha mpya. Haya, mleteni. Whitlock atapiga nzi kwa ajili ya kocha mpya, Pettibone atadaka yai la kocha mpya. Badilisheni wapigaji kwanza! Nunueni mtu anayejua gongo ni la kupigia nini! Mkimaliza hayo na bado tukashindwa, mimi mwenyewe nitambeba Lowell kwenye toroli mpaka mpakani.

SAUTI YA MWANAMUME: Na Kabati je? Nani alimwambia Kabati akimbie?

(Mkwaruzo.)

VERNA: (ananong'ona) Opal. Opal, tafadhali.

OPAL: Kocha amesema ni yeye. Wewe Clem, mara ya mwisho ulisema "ni mimi" lini? Ulipogonga ua wa kanisa ulisema ni barafu, na ilikuwa Juni.

(vicheko)

HORACE: Kimya, jamani, kimya! Opal, kwa hiyo mkono—

OPAL: Mkono umelala. Na jambo lingine, liandike pia. Msimu ujao sitaki kile kiti changu. Nihamisheni upande wa pili, kule kituo cha kwanza. Juu kabisa, chini ya bati.

HORACE: Kule? Kule hata ukipiga kelele hakuna atakayekusikia.

OPAL: Ndiko ninakotaka.

HORACE: (anashusha pumzi) Watatu tu. Hoja imeanguka. Lowell anabaki. Mungu atusaidie.

(Viti vinaburutwa. Sauti zinapishana. Kitambaa kinasugua, mlango, upepo.)

OPAL: Upo? Verna? Usinifanyie hivyo, upo?

VERNA: Nipo.

OPAL: Umesikia?

VERNA: Nimesikia kitambaa cha koti lako. Linahitaji kufuliwa.

OPAL: Unalia?

VERNA: Ni vitunguu.

OPAL: Vitunguu gani kwenye maharage yaliyoungua? Nasikia mpaka harufu. Sikiliza, betri yangu inakufa, imekuwa nyekundu. Umeniwekea sahani?

VERNA: Njoo. Na mkate wa mahindi upo.

OPAL: Na huyo Konokono mtoe bandani, aje mezani. Nina maneno naye kuhusu Ruiz. Mengi.

VERNA: Si mbele ya mtoto, dada.

OPAL: Mtoto akishalala. Na nitayasema kwa sauti ndogo.

VERNA: Wewe? Wewe una sauti ndogo?

OPAL: Sina. Lakini kabla sijafika kwako nitai—

VERNA: Utaifanyaje? Haloo? Dada? ...Haloo?